Mkalimani Aliyeloweka Maneno

Mkalimani wetu hakuwa mtu wa kukupa neno la Mzungu siku hiyo hiyo. Unamuuliza, "Bwana kasema nini?" anakutazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayedokoa chunguni. Anasema, "Neno la Mzungu ni muhogo mchungu. Ukilitafuna leo, leo hii linakuua. Ngoja nililoweke." Basi zinapita siku mbili, siku tatu, ndipo anakuja kwenu, anakaa, anaomba maji, anakunywa yote, anakupa maana. Kama Bwana alisema kesho alfajiri watu wote watoke kufyeka barabara, basi sisi habari ilitufika barabara imeshafyekwa na watu wa Lupaso. Ndiyo maana tulimpenda.

Jina lake alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Masasi nzima ilimwita Mkalimani. Mkewe naye alimwita Mkalimani, tena kwa kumcheka kidogo, kwa sababu nyumbani yule bwana alikuwa hasemi. Maneno yote aliyamalizia bomani. Jioni anakaa barazani, anakuna sikio, mkewe anatuambia, "Anataka ugali umpoe kwanza." Anainua nyusi moja, mkewe anasema, "Anawauliza mama yenu hajambo." Tulikuwa tunasema nyumba ile ina wakalimani wawili, na wa kweli ni mwanamke.

Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, kama kanga aliyesikia kitu kichakani. Na alikuwa na viatu. Viatu vya bomani, vyeusi, vikubwa kuliko miguu yake, ndani anajaza pamba. Njiani anavibeba kichwani. Akifika penye Mzungu anakaa chini, anavivaa taratibu, anasimama, ndipo anaanza kusema Kidachi, hicho Kijerumani. Siku moja Bwana Mkubwa wa boma alimkuta kisimani, akamuuliza jambo. Mkalimani akamwonyesha kwa kidole miguu yake, akakimbia nyumbani. Alirudi amevaa. Tulipomuuliza alisema, "Kidachi hakitoki miguu mitupu. Jaribuni wenyewe."

Na kutafsiri kwake, mwenzangu, kulikuwa na vituko. Bwana Mkubwa anasimama mbele ya watu anasema mpaka shingo inakuwa nyekundu kama kaa la moto, anapiga meza, anaonyesha huku na huku, jua linahama. Akinyamaza, Mkalimani anatugeukia: "Bwana anasema hajambo." Kisha mzee wetu mmoja anajibu neno moja tu, "Hatutaki," anakaa. Hapo sasa Mkalimani anamgeukia Bwana, anainama, anakunja mikono, anasema na kusema, mara anaonyesha mbinguni, mara anashika moyo. Yule mzee akamuuliza baadaye, "Mimi nilisema neno moja. Yale mengine ulitoa wapi?"

"Neno lako lilikuwa uchi, mzee wangu. Nisingeweza kulipeleka kwa watu vile. Nimelivisha."

Kuna mtu mwingine mbuzi wake aliingia bustani ya boma akala kabichi. Aliletwa mbele, apigwe viboko vyake hamsa ishirini. Bwana akamuuliza ana la kusema. Yule mtu naye alikuwa mkorofi, akasema, "Mwambie na yeye ni mbuzi." Watu wote wakatazama chini. Mkalimani akajikohoza, akasema maneno yake, Bwana akacheka mpaka akatoa leso, yule mtu akaachiliwa na mbuzi wake. Huko nje akamshika Mkalimani kanzu: "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia unasema mbuzi wako amezunguka nchi nzima hajaona kabichi kama za Bwana."

"Lakini mimi sikusema hivyo."

"Ulichosema ungekisema ukiwa umelala kifudifudi."

Sasa wapo waliomchukia, msidhani wote walicheka. Walisema huyu anakula boma, anavaa boma, ni mbwa wa Wadachi. Naye kofia ya boma aliipenda, akiivaa hata shamba. Lakini asubuhi wakati wa kusalimu bendera alikuwa anaumwa tumbo kila siku. Kila siku, miaka yote. Bwana Dawa wa boma alimpa dawa za tumbo nyingi mno, yeye akaenda kuimwagia mibuyu ya jirani.

Huyu Bwana Dawa ndiye aliyetuletea mambo yote ninayotaka kusema. Alikuwa Mzungu kijana, kazi yake kufunga vidonda na kugawa kwinini. Mkalimani ndiye aliyegundua kwamba si Mdachi. Alikuja kwetu siku hiyo na habari haijalowekwa hata kidogo, inamtoka yenyewe.

"Baba Zainabu," akamwambia baba yangu, Zainabu ni mimi, "yule Bwana Dawa alikuwa anapigilia sanduku misumari, akajigonga kidole gumba. Mdachi akijigonga humwita shetani. Huyu kamwita mama yake, tena kwa lugha nisiyoijua."

"Labda mama yake ndiye anaitwa hivyo."

"Nimemuuliza kwa Kidachi. Anasema yeye Mpolaki. Kwao Wadachi wamekuja wakakaa, kama hapa."

Baba akaweka chini kikombe. "Mzungu anatawaliwa?"

"Anatawaliwa."

"Na bendera anasalimu?"

"Anasema kwao anaumwa tumbo."

Tangu siku hiyo baba yangu akawa anamsalimia Bwana Dawa kama mtu aliyefiwa.

Haya. Mama yangu akashikwa na uchungu wa ndugu yangu. Uchungu wa siku nzima, na mtoto anatanguliza miguu. Aliyekuwa naye ndani ni Nyakanga wetu, mama wa Kimakonde kutoka Newala, ndiye aliyezalisha na ndiye aliyefunda wasichana, mtu wa kauli moja. Baba yangu akachanganyikiwa nje, akaenda bomani, akarudi na Bwana Dawa na Mkalimani nyuma, viatu kichwani.

Nyakanga akasimama mlangoni. Mwanamume haingii, awe mweusi, awe mweupe. Basi Bwana Dawa akakalia kinu kilichofudikizwa, nje, mgongo ukutani, Mkalimani akavaa viatu, akaanza kupitisha maneno kwenye ukuta wa udongo.

"Anasema chemsheni maji."

"Mwambie yamechemka tangu asubuhi," Nyakanga huko ndani.

"Anasema uoshe mikono."

"Muulize na yeye anayekaa kwenye kinu cha watu, anakotoka wanatwanga chakula wapi."

"Anasema... anakushukuru, mama."

"Sasa anasema msaidie mtoto ageuke taratibu," Mkalimani tena.

"Mwambie mtoto ameshageuka yeye bado anasema."

Bwana Dawa alipitisha mlangoni kitambaa safi cheupe na mkasi, na hivyo viwili Nyakanga alivipokea bila kusema neno. Hata leo watu wanabishana nani aliokoa. Nyakanga alikufa anasema yule Mzungu alichofanya ni kupasha moto kinu kwa makalio. Lakini baba yangu pale nje, kabla mtoto hajalia, alikuwa ameshaweka nadhiri. Alisema, "Wakitoka wote wawili salama, huyu mgeni ndiye atakayempa mtoto jina." Mkalimani akalitafsiri, na hilo alilitafsiri sawa, kwa sababu Bwana Dawa alivua kofia na macho yakamjaa maji.

Mtoto akalia. Wa kiume, mnene, kichwa hicho. Bwana Dawa akasimama akasema neno moja: "Bogdan."

Watu wote shingo kwa Mkalimani.

Mimi nilikuwa karibu, nilimwona uso. Nilikuwa mtoto lakini uso wa mtu asiyejua naujua, ninao mimi mwenyewe mbele ya barua. Neno lile halikuwa Kidachi. Lilikuwa la lugha ile ya kujigonga kidole. Na kumuuliza Mzungu maana yake hakuweza. Alikuwa anasema daima, "Mkalimani anayeuliza ni sawa na mkunga anayeuliza mtoto anatokea wapi." Akavua viatu taratibu, akaviweka kichwani, akasema, "Nipeni siku mbili."

Siku mbili hizo mtoto tulimwita Yule.

Siku ya tatu akaja, akakaa, akaomba maji, akanywa yote. Baba, mama mlangoni na mtoto, mjomba wetu, Nyakanga, wote tumekaa.

"Nimeliloweka," akasema. "Bwana Dawa alisema: boga ndani."

Nyakanga akamtazama mtoto kichwa chake.

"Boga," baba akasema.

"Ndani."

"Boga la kula?"

"La kula. Ndiyo desturi ya kwao. Mtoto aliyekaa vizuri tumboni, akanenepa, wanamwita hivyo. Ni sifa kubwa."

Mjomba, kaka yake mama, akainuka. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, mnajua. Akasema, "Ukoo wetu umekosa majina mpaka tunakwenda kuchuma shambani?" Lakini nadhiri ni nadhiri, imewekwa mbele ya mlango wa mzazi, huwezi kuitangua. Ndugu yangu akawa Boga Ndani.

Watoto wa Masasi hamwajui. Ndugu yangu akipita, "Boga ndani." Akitoka nje, "Boga nje." Mama akimwogesha, "Boga linaoshwa, leo linapikwa." Baba yangu alikuwa mtu wa heshima, akiongoza watu msikitini, na sasa kila anayemsalimia anauma midomo asicheke. Aliacha kwenda barazani. Akawa anahesabu miaka mpaka jando. Kwetu mvulana akitoka jando anapewa jina jipya, na lile la utotoni linakufa. Ukimwita tena kwa lile, umemtukana, unalipa kuku. Baba alikuwa anaishi kwa hiyo siku. Alikuwa anasema, "Boga hili nitalizika mwenyewe."

Na Bwana Dawa hana habari, Kiswahili chake hakijafika kwenye boga. Anasikia watoto wanaimba jina, anafurahi. Anakuja kwetu na sukari guru, anamnyanyua mtoto, anatukusanya atufundishe kulitamka vizuri. Maana aliona tunalirefusha. "Bog," anasema, anafunga mlango hapo. Halafu, "dan." Anatutazama. Sasa ulimi wetu mlango ukifungwa haukubali kukaa nje, lazima upenyeze kasauti. Nyakanga akasema, "Bogudani." Mjomba wetu Mmakua, wao b, d na g haziwakai mdomoni, akasema, "Pokotani." Bwana Dawa akatikisa kichwa. "Bog-dan." Mjomba akakaza shingo: "Pok. Otani." Baba yangu alipofikiwa akasema kwa uchungu, wazi kabisa, "Boga Ndani," na Bwana Dawa akampiga bega, ati huyu ndiye amekaribia.

Mkalimani siku hizo za mafunzo alikuwa hapiti njia ya kwetu. Anazunguka kwenye miamba kule, maili nzima, kanzu inanasa miiba.

Nisipotee. Nilikuwa nasema tabia zake. Alikuwa mwongo, sikatai. Lakini hakuwahi kusema uongo wa kumpeleka mtu kifungoni. Wakalimani wengine, tulisikia, mtu asiyewapa kuku wanamtafsiria kamba shingoni. Wa kwetu kuku alikula, lakini alikula kwa wote sawa, aliyempa na asiyempa. Na alikuwa anaogopa giza, anaogopa chura, anaogopa mkewe. Ila mbele ya kiboko alikuwa anasimama.

Vikaja vita vya maji. Mimi vita vyenyewe sivisemi. Wanaume walikwenda wengi, hawakurudi wengi, kisha Wadachi wakachoma mtama, ikaja njaa, tukachimba ming'oko porini mpaka ming'oko nayo ikaanza kutukimbia. Kaburi la kila mji linajua. Nitasema lile nililoliona siku moja tu, nikiwa mwali.

Nilikuwa ndani nafundwa. Nyumba ya mwali mwanamume hapiti hata kivuli chake. Nyakanga yupo nami. Asubuhi habari zikaja kwamba wapiganaji wako njiani, wamekunywa maji ya dawa, wanatafuta watu wa boma. Wazungu walikuwa wameshaondoka alfajiri kwenda pwani na Bwana Dawa wao, wamebebwa kwa machela. Machela ya Mkalimani haikuwapo.

Akaja kwetu anakimbia, viatu miguuni, ndiyo mara ya kwanza kumsikia anakimbia navyo. Mimi nasikia yote, nyumba ya mwali na ya baba ukuta ni huo huo mmoja.

"Baba Zainabu, nifiche."

Baba yangu alikuwa mlangoni na hakutoka mlangoni. "Kwanza niambie. Jina la mwanangu maana yake nini?"

"Jamani, Baba Zainabu. Watu wako pale mwambani."

"Ndiyo maana nakuuliza sasa. Leo huna nafasi ya kuloweka."

Ngoma zinasikika. Miaka mitatu baba yangu alibeba boga lile, na sasa alikuwa amemshika yule mtu kooni kwa swali. Mimi ndani nilijua akijibu tena boga, baba hatasogea.

"Mungu kampa," Mkalimani akasema, haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto. "Maana yake ni Mungu kampa. Aliyetolewa na Mungu."

"Na boga?"

"Nilisikia vibaya. Baba Zainabu, nilisikia vibaya."

Nikasikia miguu ya baba ikisogea. Akasema, "Utalisema hilo mbele ya watu wote waliocheka. Sasa ingia kwa mwali, hawatagusa pale. Nyakanga, mpokee."

Mwenzangu, Nyakanga alifikiri nchi imekwisha. Lakini alimpokea. Alimfunga kaniki mbili, akamfunika kichwa, akamkalisha kona na mimi. Akamwambia, "Utasikia mambo ya wanawake hapa. Hutafsiri kitu." Yule akatikisa kichwa. Viatu, kwa haraka, alivivua nje, kwa sababu hata mtu anayekufa haingii kwa mwali na viatu.

Wakafika. Hawakuwa watu wabaya wa kutisha, walikuwa vijana wa watu, wengine tunawajua baba zao, vumbi mpaka kwenye nyusi, wamefunga mabua ya mtama kichwani. Mmoja akaona viatu.

"Mama, viatu vya nani?"

Nyakanga akatoka mlangoni, mikono kiunoni. "Vya boma. Tumevinyang'anya. Mnavitaka?"

Kijana akafurahi, akavitwaa. Mwingine akampa heshima, akasema, "Mama, tuna maji hapa ya dawa, risasi ikikupiga inageuka maji. Tukumwagie?"

"Mimi mtu wa Newala," Nyakanga akasema. "Kwetu mtungi mmoja tunashuka kuufuata bondeni, asubuhi tunaondoka, mchana tunarudi. Maji yakifika kwetu tunakunywa. Kama una mengi nimiminie humu."

Wakacheka, wakammiminia kidogo kweli, wakaenda. Mkalimani nyuma ya kaniki alikuwa anatetemeka mpaka chano cha unga kinalia. Akakohoa. Yule kijana wa mwisho akageuka: "Nani huyo ana sauti ya dume?"

"Mwali wangu. Ana mafua," Nyakanga akasema. "Mwombeeni apate mume."

Tulikaa naye siku nzima kona ile, mimi na yeye, bila kusemezana, kwa sababu mwali hasemi na mwanamume na yeye ameapishwa asiseme. Na Nyakanga hakuacha kazi yake. Alinifunda vile vile, mambo yote, kama vile kona ile ina magunia. Nikitazama pembeni naona sikio lake limechomoza nje ya kaniki, linatoka jasho. Nataka niseme hili kwa haki: alichosikia siku ile hakukitafsiri kwa mtu hata mmoja mpaka anaingia kaburini. Wanaume walimbembeleza kwa tembo, kwa nyama, hakusema.

Viatu havikurudi. Alisema tangu hapo Kidachi chake kilikuwa kinatoka nusu.

Vita vilipotulia alitimiza neno. Ijumaa, watu wametoka msikitini, alisimama akasema: jina la mtoto wa Baba Zainabu maana yake ni Mungu kampa, mimi nilisikia vibaya, anicheke mimi anayetaka kucheka. Watu wakamcheka, wakamcheka vizuri. Lakini baba yangu alirudi barazani siku ile ile, akakaa mbele. Na jando lilipofika, mwalimu wa chuo cha Kurani akasema, kama maana ni hiyo hatutalitupa, tutalisilimisha, akampa ndugu yangu jina la utu uzima Atiya, ndiyo zawadi kwa Kiarabu. Baba yangu alichinja. Miaka yote ile alikuwa anahesabu siku ya kuzika jina, na siku ilipofika hakuzika kitu.

Mara ya mwisho kuonana na Mkalimani vizuri nilikuwa nimeolewa Newala. Wadachi wameshaondoka, wamekuja Waingereza, baba yangu amefariki. Nilikuwa bondeni kwenye maji, wanawake tumepanga mitungi, maji yanatoka tone tone, unaweza kunyonyesha mtoto akashiba, akalala, akaamka, zamu yako bado. Namwona mzee anashuka kwenye ngazi za mawe, shingo ile ile. Alikuja Newala kwa binti yake.

"Shikamoo Baba Mkalimani."

"Marahaba, Zainabu mwanangu." Akakaa karibu yangu, akaangalia maji muda mrefu. "Hajambo yule..." Akanyamaza. Jina la zamani haliruhusiwi, na la sasa niliona halimtoki. "Hajambo yule ndugu yako?"

"Hajambo. Ana mtoto sasa."

"Alhamdulillahi." Akainama, akashusha sauti. "Zainabu, mimi na wewe tulikaa kona moja. Nina jambo. Siku ile baba yako aliponishika mlangoni, mimi sikujua maana ya lile jina."

Nilimtazama.

"Sikulijua. Sikujua lugha ile hata neno la maji. Niliona nakufa, nikafikiri, huyu mwanamume amekaa mlangoni miaka mitatu anangoja neno gani? Nikampa hilo."

"Ulitunga."

"Nilitunga. Kisha nikalisema mbele ya watu, Ijumaa. Kisha nikasikia Bwana Dawa anarudi kutoka pwani. Nikasema sasa nimekwisha. Ataulizwa na baba yako, aseme maana yake jembe, aseme mbwa, na baba yako ataanguka kuliko mara ya kwanza. Nikachukua kuku, nikaenda njia ya Lindi, nikamngoja siku tatu. Nilitaka nimwombe asiseme. Alipokuja nikamuuliza. Mimi, nikamuuliza Mzungu maana. Akaniambia, Bog ni Mungu. Dan ni aliyetolewa."

Alinionyesha kwa vidole viwili, kimoja, kisha cha pili, akavikutanisha.

"Nilikaa chini barabarani, Zainabu. Bwana Dawa alidhani nina homa, akanipa kwinini, nikaimeza. Maisha yangu yote nimetafsiri, mara moja nimetafsiri sawasawa, na sikuweza kumwambia mtu. Ningeanzaje? Ningeanza kwa kusema nilidanganya. Baba yako amekufa hajui. Na mimi silali vizuri. Jina la kiume la mtu mzima limesimama juu ya uongo wangu."

Mimi sikusoma, sijui wanavyuoni wangemjibu nini. Nilimwambia nililoliona. "Baba, hukudanganya. Ulitafsiri. Ila ulitangulia kufika, maana ikaja nyuma."

Aliinama akanawa uso kwa yale maji yetu ya tone tone, na wanawake wakamtazama vibaya kwa sababu ya zamu.

Ndipo akashuka askari wa boma jipya, ana haraka, jasho linamtoka. Bwana Mwingereza amekaa juu na wazee tangu asubuhi, hawaelewani, mkalimani wake ana homa. "Kuna mtu hapa anajua Kiingereza?"

Wanawake wakacheka. Mkalimani akajipangusa mikono kwenye kanzu, akasimama.

"Nipo," akasema.

Nikamshika upindo wa kanzu, nikamnong'oneza, "Baba, wewe Kiingereza unakijua?"

Akanitazama kwa mapenzi kabisa, kama mtu aliyepona. "Zainabu mwanangu," akasema, "na Kipolaki nilikuwa nakijua?"

Akapanda ngazi za mawe, askari nyuma yake anahema kumfuata.